Chupa Isiyokwisha

3 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo tena. Ya kwanza ni yangu, ya pili ni ya kondoo wako Bi Mkubwa, ambaye hapa ninapoandika ameweka kidevu dirishani anatafuna pazia. Nimemwambia ni barua yako, akaacha kidogo kwa heshima, kisha akaendelea.

Sisi hatujambo. Paa la jikoni halivuji tena, nimeliziba kwa bati la tangazo, sasa mtu akipika anasoma. Shughuli zangu zinaenda: nachaji simu za watu, natengeneza miavuli, na asubuhi nauza mayai ya kuchemsha stendi. Mwavuli ukinishinda namwambia mwenyewe kwamba naona jua linarudi.

Habari ya kondoo sasa. Watoto wote kumi na mmoja ni wazima. Wanaruka, wanapigana vichwa, wazima kabisa. Makubaliano yetu sijayasahau, nimeyaandika kwa chaki nyuma ya mlango: watoto wakifika mwezi wa saba wakiwa hai na wameachishwa ziwa, zizi linakuwa mkononi mwangu na chumba cha uani nakaa. Wakifa kwa minyoo kama wa mwaka jana na wa mwaka juzi, unawauza wote, na uwanja unampa shemeji yako Bwana Tofali afyatulie matofali yake. Naye hajasahau. Jumapili alikuja kunisalimia, akanisalimia kwa kuzunguka uwanja mzima akihesabu hatua. Bi Mkubwa alimfuata nyuma, nadhani naye anahesabu.

Dawa ya minyoo uliyoniachia nawanywesha kila baada ya wiki mbili. Chupa yenyewe ina baraka, nanywesha, nanywesha, na bado inaonekana imejaa. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, watoto ni wazima.

Wasalimie wenzako wa chumba cha cherehani.

Mimi mwanao, Bwana Mipango (wewe ndiye uliyenipa jina hili, mimi bado nalifikiria).


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Pazia hilo ni la arusi yangu. Mwambie Bi Mkubwa atafune la chumbani kwako.

Mimi ni mzima, miguu tu inavimba kwa kukanyaga cherehani. Hapa hospitali tunashona mashuka na yale magauni ya kijani ya wagonjwa wanaopasuliwa, kutwa kucha. Wanawake sita, cherehani tano, kwa hiyo siku zote kuna mmoja hana kazi ila kusema. Juzi ilikuwa zamu yangu nikawasomea barua yako. Walicheka. Mimi sikucheka sana.

Unajua kwa nini nimekukatalia simu. Kwenye simu unanichekesha mpaka nakata nimesahau nilichotaka kuuliza. Karatasi haina ujanja, narudi nyuma nasoma upya. Nimerudi, nimekuta umeandika "wazima" mara tatu. Mwenye kondoo wazima husema mara moja akaenda kwenye habari nyingine.

Fanya hivi, baba. Mshike kila mtoto, vuta kope la chini, tazama nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu kama pera lililoiva, yuko salama. Ikiwa nyeupe kama karatasi hii, minyoo inamnyonya damu. Papasa na chini ya taya, pasiwe na uvimbe laini wa maji. Kisha niandikie, mmoja mmoja, usinichanganyie.

Habari ya chupa tuiache kwanza.

Bwana Tofali nimwachie mimi. Ila hatua zake asihesabu juu ya bustani yangu ya vitunguu.

Shangazi yako.


28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Nilitaka kumsingizia dereva wa lori anayetubebea barua, lakini amepita hapa mara tatu na kila mara amenipigia honi. Nilikuwa nangoja habari iwe nzuri kwanza.

Mmoja amekufa. Yule mweusi mwenye soksi nyeupe. Alivimba chini ya taya, akalala, hakuinuka. Nimemzika nyuma ya choo, nimechimba mpaka kifuani kwangu ili mbwa wasimfikie. Siku ile sikumtania mtu, muulize jirani.

Macho nimetazama kama ulivyosema. Wamebaki kumi. Wanane kope nyeupe, wawili wekundu kama pera. Na mkono umezoea, sasa mteja akileta simu yake nachungulia kope lake kabla ya waya.

Nikamfuata daktari wa mifugo, yule mama mfupi wa buti. Akaja, akawakagua, akafunga kinyesi chao kwenye mfuko akachukua, akasema minyoo ya zizi hili imeizoea dawa. "Ukiipa dawa hafifu huiui," akaniambia. "Unaipeleka shule." Akauliza tunapima vipi. Nikamwambia kwa kifuniko. Akauliza jambo jingine, mimi nikamuuliza kama anakunywa chai.

Sasa sikia maajabu. Wale wawili wekundu ni nani? Ni mapacha wa Bi Mkubwa, wale watukutu wasioacha kuruka ua. Nilikuwa nimewapa adhabu. Wiki tatu nimewafunga kamba kule nyuma kwenye miti ya lukina aliyoipanda marehemu mumeo kukinga upepo, jioni nawafungulia wakanyonye. Kule nyasi hakuna, basi wakawa wanang'ang'ania majani ya lukina, kwa njaa na kwa kiburi. Watiifu ndio waliokuwa malishoni kwenye nyasi fupi, ambako daktari anasema vijiminyoo vinapanda kwenye majani na kungoja mdomo. Kwa hiyo walioadhibiwa wamenona na walionyooka wamekonda. Ningelijua jambo hili nikiwa shule ningemwonyesha mwalimu.

Daktari alichuma jani akatafuna, nami nikatafuna. Ni ukakasi mtupu, ulimi unakauka kama umekula ndizi mbichi. Akasema lukina ni wa jamii moja na kunde na maharage, ndiyo maana una maganda yale bapa. Ukakasi wake unaisumbua minyoo tumboni, haitagi mayai kama ilivyozoea, na jani lenyewe ni chakula kizito, linampa mtoto nguvu ya kupambana na minyoo iliyobaki. Lakini si uganga. Wawili waliokuwa weupe zaidi aliwapa dawa ya aina nyingine, na tukawapima uzito kwanza kwa mizani ya mnunua vyuma chakavu. Mmoja ana uzito wa betri ya gari dogo.

Alikuwa bado anaendelea kusema, lakini mimi nilishachukua panga nimepanda mtini. Unanijua. Nikisikia jambo zuri siwezi kusubiri lililobaki.

Mwanao.


10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Poleni, nami nipeni pole. Yule mweusi nilimpokea kwa mikono yangu siku nne kabla ya safari, alitoka miguu mbele. Siku barua ilipofika nilishona shuka likaenda upande, nikalifumua, likaenda upande tena.

Sitakugombeza. Nimeandika mstari wa kukugombeza nikaufuta, wino huo mweusi unaouona hapo juu ndio huo.

Kuhusu lukina. Marehemu aliipanda mwaka ule tuliooana, na alikuwa na onyo lake juu ya mti huo. Alilisema kila mara, na kila mara mimi nilikuwa nakoroga chungu nikaitikia "ndiyo baba" bila kusikia. Sasa silikumbuki, nalo linanikereketa. Nakuomba rudi kwa huyo mama wa buti akamalizie maneno yake. Mtu mzima husikiliza mpaka mwisho. Mimi sikusikiliza, na leo sina wa kumuuliza.

Usishangilie mapema. Kumi si kumi na mmoja, na mwezi wa saba uko palepale. Bwana Tofali amenipigia simu (yeye namruhusu simu, hachekeshi) kuniuliza kama udongo wa uwanjani una mchanga mwingi. Nikamwambia una mawe na laana.

Ile chupa itupe. Usimwonyeshe mtu, wala huyo daktari. Itupe tu.

Msalimie Bi Mkubwa, umwambie mapacha wake wamemfuata yeye kwa ukaidi.

Shangazi yako.


6 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na keti chini kwanza ndipo usome, kwa sababu ni furaha. Wekundu wote kumi. Nimevuta kope moja moja mchana kweupe, jirani akiwa shahidi, na pera haliwi jekundu zaidi ya hapo. Wananyonya kidogo tu sasa, muda mwingi wanatafuna. Asubuhi nikitokea na mzigo wa lukina kichwani wananijia mbio kama mimi ndiye mama yao.

Chupa nimeitupa. Sikuuliza kwa nini, na wewe naomba usiniulize lolote juu yake, tutakuwa sawasawa.

Kwa daktari nitakwenda. Nilikwenda nikakuta mlango umefungwa, na mimi mlango ukifungwa naona ni dalili.

Bi Mkubwa anakusalimia. Umri umemrudia nyuma, amepungua vitu vingi mwilini. Ukimwona leo hutamtambua, nasema kwa wema.

Sasa nina ombi, nalo ni dogo. Kuna mtu hapa nyumbani anahitaji nguo ya baridi, maana mvua zimeanza na upepo wake unauma. Vipimo nimechukua mwenyewe kwa kamba, kisha nikaipima kamba: kifua inchi thelathini na nane, tumbo arobaini na sita, shingo kumi na sita, urefu kutoka shingoni thelathini. Mikono usishone, acha matundu tu. Nyuma iwe wazi yenye kamba za kufungia. Kitambaa kiwe kigumu, na rangi isifanane na chakula.

Ni haraka kidogo.

Mwanao anayekuheshimu.


19 Mei

Mwanangu, baba yangu, furaha yangu,

Marahaba mara mia. Umeandika "kuna mtu hapa nyumbani." Nimesoma mara nne, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi nikasoma ya tano. Nikawaambia wenzangu: jamani, yule kijana amepata mtu.

Kisha tukafika kwenye vipimo. Kifua thelathini na nane, tumbo arobaini na sita. Cherehani zote tano zilisimama. Mkubwa wetu, ambaye amezaa saba, akatwaa tepu akajizungushia tumboni, akatazama juu, akasema, "Huyu ana mimba ya miezi saba kama si pacha." Na ile nyuma wazi akasema ni kwa ajili ya kliniki, msichana ana akili, anafikiria mbele.

Baba, kwa nini unaficha? Mimi ni mtu wa kuogopwa? Ningekugombeza siku mbili, ya tatu ningekuja na mkeka.

Gauni hilo hapo kwenye kifurushi. Msimamizi ametupa vipande vya kitambaa vilivyobaki, ni kile cha kijani, hatuna kingine, kwa hiyo kama anakula majani mabichi avumilie. Tumelishona sita kwa pamoja, kila mmoja mshono wake. Lile pindo lililopinda ni la yule mdogo wetu, alikuwa analia kwa furaha.

Sasa jibu. Ni binti wa nani? Anawasalimiaje wakubwa? Anakula vizuri? Shingo ya kumi na sita imenitia mashaka, lakini sura si hoja, hoja ni tabia. Mwambie asinyanyue vitu vizito. Na lukina asikate yeye.

Tumeomba ruhusa, tunakuja wote sita mwezi wa saba kumwona, na ndipo nitawaona na kondoo wangu. Shela tumeshaanza.

Shangazi yako asiyelala kwa furaha.


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Gauni limefika salama. Limemkaa kama ngozi yake mwenyewe, na kwa sasa linafanya kazi hiyohiyo.

Maswali yako nayajibu. Anakula vizuri, tena kupita kiasi, hata shida ilianzia hapo. Wakubwa hawasalimii ila huwatazama sana mpaka wanaona haya wenyewe. Ni mtu wa nyumba hii hii, wewe unamfahamu kuliko mimi. Tumbo ni la siku zote. Vitu vizito hanyanyui, labda ndoo, na hiyo ni kuipindua.

Naona si vizuri mje sita. Vikombe viko viwili na kimoja kina kigugumizi, kinamwaga. Njoo peke yako. Au usije mwezi wa saba, njoo wa tisa, wakati huo kila mtu atakuwa amejazia.

Watoto kumi, wekundu kumi. Hilo ni kweli tupu, waweza kurudi nyuma ukalisoma mara nane.

Mwanao.


15 Juni

Mwanangu,

Bwana Tofali amepiga simu. Anasema amepita uwanjani akamkuta bibi arusi wako amevaa gauni letu, ameegemea ua, anacheua.

Hakucheka, unajua yeye hachekagi. Anasema nimemkabidhi mali mwendawazimu, kwamba nilikuachia kondoo wa manyoya na sasa una kondoo wa nguo. Anasema anakuja na vibao vyake vya kufyatulia wiki ijayo kama sitasema neno.

Mimi neno sina mpaka nipate lako. Andika ukweli, wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila vikombe na bila mlango uliofungwa. Barua yako isipofika kabla ya mwezi huu kuisha, namwambia alete vibao.

Wenzangu sijawaambia kitu. Shela limefika kwenye shanga.

Shangazi yako.


24 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Dereva nimemzuia hapa, injini inaunguruma, nisipate nafasi ya kupamba.

Nilirudi kwa daktari mwezi uliopita, nimechelewa, gauni likiwa tayari njiani. Nikamwambia naomba amalizie yale maneno ya mwezi wa tatu. Akanitazama, akauliza, "Ni kondoo wangapi wamenyonyoka?" Kumbe ndilo lililokuwa limebaki, na nadhani ndilo onyo la marehemu. Lukina ina sumu yake ndogo. Ukimpa kondoo sehemu moja ya lukina na mbili za nyasi, ni chakula na ni kinga. Ukimpa lukina tupu asubuhi na jioni kama nilivyokuwa nampa, manyoya yanamwachia.

Bi Mkubwa alikuwa anakula ya kwake, ya watoto, na ya kesho. Anawasukuma kwa kiuno mpaka wanasogea. Asubuhi moja nikaingia zizini nikadhani mtu amepasua godoro. Manyoya kila mahali, na katikati amesimama yeye, mwekundu kama mtoto mchanga, anatafuna. Ilikuwa siku ya mvua. Alitetemeka mpaka nikamvika shati langu, akala vifungo. Ndipo nikakuandikia vipimo. Sikusema ni mwanamke, shangazi, nilisema ni mtu. Na kwa kweli sijaishi na mtu aliye mtu zaidi yake.

Ila sikiliza na hili, daktari mwenyewe alicheka. Kama Bi Mkubwa asingewadhulumu watoto, wao ndio wangekula kupita kipimo. Ulafi wake ndio uliowapimia. Wao walipata theluthi yao wakajazia kwa nyasi, yeye akapata adhabu yao. Sasa nachanganya kwa mkono wangu: nyasi mbili, lukina moja, na siku nyingine majani ya mbaazi, ambayo nayo ni jamii ya kunde na hayamvui mtu nguo. Manyoya yameanza kurudi, mafupi, kama brashi ya viatu. Na mama wa buti ameweka kinyesi tena chini ya hadubini yake, kile chombo cha kukuza vitu vidogo. Kile cha mwezi wa tatu mayai ya minyoo yalikuwa mengi mpaka akaacha kuhesabu. Hiki cha juzi alihesabu huku anaongea na mimi. Kila wiki bado navuta kope, na akipatikana mweupe anapimwa mizani na kupewa dawa kamili, si ya kukisia.

Hilo ni jepesi. Sasa lililo zito.

Ile chupa haikuwa na baraka. Wiki ya kwanza tu ulipoondoka niliwapimia majirani nusu ya dawa, kifuniko kifuniko, kwa biashara, nikajaza maji ifike shingoni. Ilipopungua nikajaza tena. Nilipokuandikia kwamba imejaa, hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana niliweza kuliandika. Yule mweusi wa soksi nilikuwa namnywesha maji meupe naye ananitazama usoni, anamalizia kwa kulamba kidole changu. Daktari aliposema "dawa hafifu," nikamkaribisha chai. Kilichonichelewesha ule mwezi si dereva wala si habari mbaya. Ni kwamba nilimjua muuaji.

Uamuzi ni wako. Bwana Tofali amekwisha kuleta vibao, vimeegemea ukuta. Ukisema ndiyo nitamsaidia kukanyaga udongo, sitanuna. Naomba kimoja tu, Bi Mkubwa asiuzwe kabla manyoya hayajaota. Si haki mtu kutoka nyumbani kwake hana nguo.

Mwanao.


8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu, stoo, juu ya marobota ya mashuka, nikacheka mpaka kwenye "brashi ya viatu." Kuanzia hapo sikucheka.

Sasa ni zamu yangu, na mimi dereva hanisubiri, kwa hiyo sina hata kisingizio cha haraka.

Siku mbili kabla ya safari, Bwana Tofali alikuja kuomba dawa kwa ajili ya mbuzi wake. Nikamgawia nusu. Nikaona nikikuachia chupa nusu utasema shangazi kanitupia mzigo bila kamba. Nikajaza maji. Nikatikisa, ikawa nyeupe kama kawaida, nikafunga kifuniko nikakukabidhi mbele ya watu kwa maneno mengi. Na mwaka jana pia nilifanya hivyo, na mwaka juzi, ili ifike kwa wote.

Kwa hiyo, baba, wewe ulikuwa unatia maji kwenye maji. Majirani zako ulichowauzia wanakijua wao na mbuzi wao, wapelekee mbegu za lukina na uwaeleze mpaka mwisho. Nilipokuandikia "itupe, usimwonyeshe mtu," ulidhani nakusitiri. Nilikuwa najisitiri. Nimekuuliza macho, nimekuuliza taya, nimekuuliza shingo ya bibi arusi, nikaikwepa chupa kama mdai. Yule wa soksi tumemwua wawili, na wenzake wa miaka miwili nyuma nimewaua peke yangu. Nyuma ya choo panda mti. Lukina.

Nimempigia Bwana Tofali. Nimemwambia vibao vyake avichukue, uwanja una watu. Akaanza kulalamika, nikamwambia habari ya dawa niliyomgawia, kwamba nayo ilishaonja maji ya mwaka juzi, na nikamuuliza kope za mbuzi wake zina rangi gani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama lukina inawafaa mbuzi. Nikamwambia inawafaa, kwa kipimo, na mtaalamu ni mtoto wa kaka yangu, akamwamkie vizuri.

Zizi ni lako na chumba cha uani ni chako. Futa chaki nyuma ya mlango uandike: nyasi mbili, lukina moja.

Limebaki moja. Wenzangu sijawaambia. Nilijaribu Jumatatu, yule mdogo akanionyesha shela lilivyokwisha, nikameza maneno. Nilijaribu Alhamisi, nikakuta wamefunga zawadi. Sasa nimeshindwa kabisa, na nadhani wewe unaelewa ugonjwa huu kuliko mtu yeyote. Tunafika Jumamosi ya tarehe ishirini, saa nne asubuhi, wote sita. Azima vikombe.

Bibi arusi avae gauni lake, asimame mlangoni, na asitafune kitu mpaka tumalize vigelegele. Na umwoshe miguu. Yote minne.

Shangazi yako.